Babu aliondoka na jeshi, hakurudi: mwongozo kamili wa kumtafuta na kumkumbuka askari aliyekufa mateka nchi za watu

Ukipita Sanamu ya Askari katikati ya Dar es Salaam, simama usome maandishi ya chini. Sanamu iliwekwa mwaka 1927, na maandishi yake yanamwahidi askari kwamba akipigania nchi yake, hata akifa, wanawe watalikumbuka jina lake. Sasa izunguke yote. Hutaona jina hata moja. Nairobi na Mombasa kuna sanamu zenye ahadi hiyo hiyo. Kazi ya kutunza majina waliachiwa ndugu, na ndugu wengi walibaki na maneno matatu tu: alikwenda, akashikwa, hakurudi.

Mwongozo huu ni wa familia hizo, iwe mzee wenu alikuwa King's African Rifles (KAR, jeshi la Waingereza la askari wa Afrika Mashariki), jeshi la Wajerumani, vikosi vya kazi vya Waingereza au Force Publique, jeshi la Wabelgiji la Kongo. Si kila msako unafika kaburini, na nalisema hili mapema ili mtu asiuze ng'ombe kwa ajili ya safari. Ila jina sahihi, kikosi na mwaka vinatosha kabisa kufanya kumbukumbu yenye heshima.

Hatua ya 1: Wazee kwanza, intaneti baadaye

Kumbukumbu za Msalaba Mwekundu kule Geneva zitakuwapo mwakani. Shangazi mwenye miaka tisini huna hakika naye. Kaa naye, rekodi kwa simu kwa ruhusa yake, na mwache azungumze anavyotaka kabla hujaanza kumhoji kama karani wa sensa.

Swali la kwanza lisiwe "alikufa wapi?", maana huenda hajui na ataona aibu. Muulize: habari za kifo zililetwa na nani? Kama ililetwa na mwenzake aliyerudi, basi huyo mwenzake alikuwa kikosi kimoja naye, na familia yake huenda ina karatasi ambazo ninyi hamna. Kama ililetwa na chifu au ililetwa na barua ya DC, maana yake kulikuwa na faili wilayani. Halafu uliza kama mjane alilipwa chochote. Fedha za mjane zilipitia ofisi ya wilaya, na penye malipo pana orodha ya majina.

Andika majina yake yote: la utotoni, la jando, la ubatizo au la kusilimu, la baba, la ukoo, na jina la utani aliloitwa na wenzake. Andika pia jina la chifu au jumbe wa wakati ule. Jeshi la kikoloni lilimwandikisha mtu kwa kabila, wilaya na chifu wake, si kwa kijiji tunachokitaja leo.

Kisha omba sanduku la bati lifunguliwe. Medali za Waingereza za Vita vya Kwanza ziliandikwa ukingoni namba, cheo, jina na kikosi. Chukua kioo cha kukuzia, usiisugue kwa majivu. Medali za Vita vya Pili walizotoa Waingereza kwa kawaida hazina jina, lakini utepe wake unasema alipita wapi. Nyota ya Afrika ina utepe wa rangi ya mchanga wenye mstari mwekundu katikati, na ni ya Afrika Kaskazini, pia Ethiopia, Somalia na Eritrea. Nyota ya Burma ina nyekundu katikati, na buluu na chungwa pembeni.

Msipuuze vilevile yale ambayo mzee anayafanya kwa mwili. Inasimuliwa kwamba mwaka 1964 Bunge la Ujerumani Magharibi lilipokubali kuwalipa askari wa zamani waliobaki, wazee walikusanyika Mwanza na wengi hawakuwa na cheti chochote. Mlipaji akawapa fagio mmoja mmoja badala ya bunduki, akatoa amri za gwaride kwa Kijerumani. Hakuna aliyekosea. Basi kama bibi yenu anakumbuka wimbo ambao mumewe aliimba, au amri aliyowapigia watoto uani, rekodi hiyo pia. Mara nyingi ndani yake mna jina la kambi au la ofisa.

Hatua ya 2: Jeshi la nani, mateka wa nani

Hapa ndipo watu wengi wanapotea. Karatasi za mateka huwa na makao matatu: jeshi lake mwenyewe, jeshi lililomteka, na Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu, ICRC, iliyoko Geneva. Ukijua pande mbili za kwanza, umejua pa kubisha hodi.

*Vita vya 1914–1918, upande wa Waingereza.* Wajerumani waliweka mateka wao wengi Tabora, hadi Wabelgiji walipouteka mji huo Septemba 1916. Mganda au Mnyasa (wa Malawi ya leo) aliyefia pale alifia ugenini kweli, ingawa kwetu leo ni mkoa tu.

*Vita hivyo hivyo, upande wa Wajerumani.* Lettow-Vorbeck, kamanda wa jeshi la Wajerumani Afrika Mashariki, alisalimu amri Abercorn, ambako sasa ni Mbala nchini Zambia, tarehe 25 Novemba 1918. Askari wake Waafrika walipelekwa kuzuiliwa Tabora, na homa kubwa ya mafua ya mwaka ule ikawakuta humo. Huu ndio upande mgumu zaidi kuutafuta. Kumbukumbu za jeshi la Prussia, dola kubwa kuliko zote ndani ya Ujerumani ya wakati ule, ziliteketea kwa mabomu huko Potsdam mwaka 1945. Yaliyobaki ni mafaili ya ofisi ya makoloni yaliyoko Kumbukumbu za Shirikisho mjini Berlin, na mafaili ya Kijerumani yaliyoachwa Dar es Salaam ambayo yako Nyaraka za Taifa.

*Vita vya 1939–1945.* Askari na watu wa vikosi vya kazi waliotekwa Afrika Kaskazini, hasa Tobruk ilipoanguka Juni 1942, waliangukia mikononi mwa Waitaliano na Wajerumani. Baada ya Italia kujisalimisha Septemba 1943, mateka wengi walihamishiwa kambi za Ujerumani. Kwa hiyo mtu mmoja anaweza kuwa na nyayo Libya, Italia na Ujerumani. Aliyepotea Burma atafutwe kwanza katika orodha za waliokufa, kabla ya orodha za mateka.

Kuna pia waliofungwa bila kuhesabiwa mateka wa vita kisheria, na hao wana mlango wao. Mfano unaojulikana vizuri ni Mohamed Husen, mzaliwa wa Dar es Salaam, 1904. Aliingia jeshi la Wajerumani akiwa mtoto, akajeruhiwa Mahiwa, kusini mwa Tanzania ya leo, Oktoba 1917 na kushikwa na Waingereza. Hapo alikuwa mateka wa vita. Mwaka 1929 alifika Berlin, akadai mshahara wake na wa baba yake ambao haukulipwa, akaambiwa amechelewa. Akabaki huko, akafundisha Kiswahili, akaigiza filamu. Mwaka 1941 utawala wa Nazi ulimkamata kwa kosa la uhusiano na mwanamke Mjerumani, ukampeleka kambi ya Sachsenhausen bila kesi, na huko alifariki tarehe 24 Novemba 1944. Mtu mmoja, vifungo viwili, aina mbili za karatasi: anayemtafuta kama mateka wa vita huko Sachsenhausen atatoka mikono mitupu.

Hatua ya 3: Tengeneza orodha ya tahajia

Kabla ya kugusa kompyuta, andika kila namna ambayo karani mgeni angeweza kuliandika jina lile. Husen huyo huyo anaonekana kama Mahjub, Majub, Bayume, Husen na Hussein.

Juma kwa karani Mjerumani ni Djuma au Dschuma. Kwa Mwitaliano anaweza kuwa Giuma. Omari kwa Mbelgiji ni Oumari. Mohamed ana sura zaidi ya kumi: Mahomed, Muhamadi, Mohamadi na nyinginezo. L na R hubadilishana, H huanguka, na "wa", "arap" na "bin" zinaweza kugeuka kuwa jina la ukoo. Waingereza waliandika "s/o" kumaanisha mwana wa, hivyo "Hamisi s/o Saidi" anaweza kuwekwa chini ya H, chini ya S, au vyote viwili.

Mwaka wa kuzaliwa usikusumbue sana. Nyingi ni makisio ya ofisa aliyemtazama mtu usoni.

Hatua ya 4: Milango ya kubisha

Anza na Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola, ambayo mtandaoni utaiona kwa herufi CWGC. Kutafuta ni bure. Ujanja ni huu: Waafrika wengi wameingizwa kwa jina moja tu, na jina hilo liko sehemu ya jina la ukoo. Kwa hiyo acha sehemu ya jina la kwanza wazi, weka jina moja, chagua vita, kisha punguza kwa kikosi. Tume huhesabu waliokufa wakiwa jeshini kwa sababu yoyote, hata ugonjwa, kati ya 4 Agosti 1914 na 31 Agosti 1921 kwa vita vya kwanza, na kati ya 3 Septemba 1939 na 31 Desemba 1947 kwa vita vya pili. Ukimpata utaona kaburi au ukuta wenye jina lake, na unaweza kupakua cheti cha ukumbusho hapo hapo.

Namba ya kikosi cha KAR ina maana yake: batalioni ya 1 na ya 2 zilikuwa za Nyasa, ya 3 na ya 5 za Kenya, ya 4 ya Uganda, ya 6 ya Tanganyika. Hii itakusaidia kuwachuja wale Juma Hamisi kumi na wawili watakaojitokeza.

Kisha ICRC. Kumbukumbu zake za mateka wa 1914–1918 ziko wazi mtandaoni, unazifungua mwenyewe. Za Vita vya Pili unajaza fomu ya maombi, na fomu hiyo hufunguliwa kwa vipindi, hufungwa idadi ya maombi ikitimia. Weka alama kwenye kalenda uangalie mara kwa mara. Andika kwa Kiingereza au Kifaransa, kwa ufupi: majina na tahajia zake, jina la baba, mwaka na mahali alipozaliwa, jeshi na namba kama ipo, mahali na tarehe aliyotekwa, na wewe ni nani kwake. Historia nzima ya ukoo haihitajiki. Itamchosha msomaji na kuficha yale anayoyatafuta.

Wa tatu ni Nyaraka za Taifa za Uingereza, Kew, London. Baada ya vita, kadi nyingi ambazo Wajerumani waliwaandikia mateka wa Uingereza na himaya yake zilikabidhiwa Waingereza, na sasa ziko kwenye mfululizo uitwao WO 416. Katalogi inatafutika kwa jina. Kuona kadi yenyewe huenda kukahitaji malipo ya nakala au mtu wa kwenda. Kama una ndugu London, hii ndiyo siku ya kumkumbusha undugu.

Kwa waliofungwa kambi za mateso au kufanyishwa kazi kwa nguvu, nenda Arolsen Archives, Ujerumani. Orodha yao kubwa iko mtandaoni na huduma kwa familia ni bure. Nyumbani, usisahau Nyaraka za Taifa Dar es Salaam na zile za Nairobi pale Moi Avenue. Omba mafaili ya wilaya ya miaka ile, hasa yanayohusu wajane, mirathi ya askari na fedha zilizotumwa na wanajeshi. Kenya kuna habari njema pia: vitabu vya zamani vya KAR vilivyohifadhiwa na jeshi vimeanza kutoa majina ya maelfu ya askari wa Vita vya Pili.

Hatua ya 5: Kuisoma kadi ya mateka

Kadi ya Kijerumani ya Vita vya Pili ni kipande kigumu kilichojaa pande zote mbili. Juu kuna namba ya mateka na jina la kambi: "Stalag" ni kambi ya askari wa kawaida, "Oflag" ya maofisa. Kambi za Italia huandikwa "P.G." na namba. Chini yake jina, tarehe ya kuzaliwa, dini, jina la baba, jina la mama, na anuani ya mtu wa kupelekewa habari. Huenda kuna picha ameshika ubao wa namba kifuani, na alama ya kidole cha shahada cha mkono wa kulia. Wapo wajukuu ambao sura ya babu yao watakutana nayo hapo kwa mara ya kwanza, basi usiwatumie kwenye kundi la WhatsApp bila kuwaambia kwanza.

Upande wa pili huorodhesha kuhamishwa, chanjo na vikosi vya kazi alikopelekwa: shamba, mgodi, reli. Ukiona "gest." au "verst.", maana yake amefariki. Tafuta pembeni tarehe, chanzo cha kifo na jina la makaburi. Ila kambi iliyotajwa siyo lazima iwe ndipo alipozikwa. Baada ya 1945 makaburi mengi ya mateka mashariki mwa Ujerumani yalihamishiwa makaburi ya vita ya Waingereza mjini Berlin, na rejista ya CWGC ndiyo itakayokwambia alilala wapi mwisho.

Kuna jambo familia huuliza kwa uchungu: je, alizikwa kistaarabu? Mkataba wa Geneva wa 1929 ulizitaka nchi kuwazika mateka kwa heshima na kuyawekea makaburi alama. Sheria ilikuwapo, utekelezaji ulitegemea kambi, mwaka na rangi ya mfungwa.

Hatua ya 6: Kama jina halipo popote

Hapo usidhani mzee wenu alidanganya. Mwaka 2021 Tume yenyewe ilitoa ripoti ikikiri kwamba watu kati ya 45,000 na 54,000, wengi wao Waafrika na Waasia, walikumbukwa kwa namna isiyo sawa na wenzao, na kwamba wengine wasiopungua 116,000, pengine hadi 350,000, hawakukumbukwa kwa jina au hawakukumbukwa kabisa. Afrika Mashariki ni kiini cha hesabu hiyo.

Familia inaweza kuwasilisha jina kwa Tume. Inatakiwa kuonyesha mambo mawili: kwamba alikuwa jeshini au kikosi kinachotambuliwa, na kwamba alikufa ndani ya tarehe nilizotaja. Ushahidi mzuri ni barua ya DC, orodha ya malipo, kitabu cha jeshi au kadi ya mateka. Maelezo ya wazee peke yake hayatoshi, lakini yaambatisheni, yaliyochapwa, yenye jina la msemaji na tarehe. Majibu huchukua muda mrefu. Mabadiliko yapo: Januari 2025 ulizinduliwa Cape Town ukumbusho wenye majina 1,772 ya Waafrika Kusini wa vikosi vya kazi, karne moja baada ya vita vyao.

Hatua ya 7: Kumbukumbu ya nyumbani

Maoni yangu ni kwamba msisubiri Geneva. Fanyeni kumbukumbu kwa yale mnayoyajua, wakati waliomlilia bado wapo hai.

Kwa Waislamu, hitima na dua hazina kikomo cha miaka, na sadaka kama kisima au misahafu ya madrasa inaweza kutolewa kwa nia yake. Kuhusu sala ya ghaibu kwa mtu aliyekufa miongo mingi iliyopita, muulizeni sheikh wenu, kwa kuwa wanazuoni wametofautiana. Wakatoliki wana tarehe 2 Novemba na misa ya kuombea marehemu siku yoyote. Peleka jina kwa paroko mapema. Waprotestanti wengi hufanya ibada ya shukrani nyumbani. Kwa Waluo, mtu ambaye mwili wake haukupatikana huzikiwa tunda la *yago*, lile refu la mwegea, kwenye boma lake kama ambavyo angezikwa mwenyewe. Makabila mengine yana njia zao, na wazee wa ukoo ndio wenye kauli. Kama ndugu wamegawanyika dini, fanyeni mambo mawili siku mbili tofauti kuliko kulazimishana siku moja.

Jiwe likiwekwa, liandikwe lililothibitika tu. Mfano:

*Kwa kumbukumbu ya Fulani bin Fulani, askari wa KAR.*
*Alizaliwa hapa. Alitekwa vitani Afrika Kaskazini, 1942.*
*Alifariki akiwa mateka. Kaburi lake halijajulikana.*
*Limewekwa na wajukuu zake.*

Acheni nafasi ya mistari miwili chini. Fundi atarudi kuijaza siku tarehe au kaburi litakapojulikana. Na jina liandikwe kama mama yake alivyomwita. La karani wa jeshi liwe dogo, kwenye mabano.

Mkitaka siku yenye watu wengi, Tanzania ina Siku ya Mashujaa tarehe 25 Julai, na Kenya ina Mashujaa tarehe 20 Oktoba.

Hatua ya 8: Kaburi la ng'ambo

Swali la kwanza huwa: tunaweza kumrudisha? Kwa walio chini ya CWGC, jibu ni hapana. Tangu Vita vya Kwanza msimamo wao ni kwamba askari alale na wenzake kule alikofia. Mnachoweza ni kwenda, au kumwomba Mtanzania au Mkenya anayeishi nchi ile aende kwa niaba yenu. Mpeni namba kamili ya kiwanja, safu na kaburi kutoka kwenye rejista, na ombi mahususi: picha ya jiwe karibu, picha ya makaburi yote kwa mbali, jina la babu lisomwe kwa sauti, na dua au sala ya kwao. Mwambieni asaini daftari la wageni. Kubeba udongo kuvuka mipaka kuna masharti ya afya ya mimea, hivyo ulizeni kabla, msije mkanyang'anywa uwanja wa ndege.

Kwa wahanga wa Nazi kuna pia vijiwe vya shaba vya sentimita kumi kwa kumi ambavyo msanii Gunter Demnig huviweka kando ya barabara, mbele ya nyumba ya mwisho ambayo mtu aliishi kwa hiari yake. Mohamed Husen alipata chake mwaka 2007, Brunnenstraße 193, Berlin. Hivi si kwa mateka wa vita wa kawaida.

Jihadharini na matapeli

Jina la KAR limekuwa mtaji wa watu. Atakuja mtu amevaa suti, ana orodha iliyogongwa mihuri, atasema serikali ya Uingereza inalipa fidia kwa wajukuu na kwamba kila familia itoe "ada ya faili". Kutafuta jina kwenye CWGC ni bure, kumbukumbu za vita vya kwanza za ICRC ni bure, Arolsen ni bure. Mnacholipia ni nakala za Kew, ada ndogo za nyaraka za taifa, na nauli. Mtu huyo asipewe medali "akaifanyie uhakiki", wala kitabu halisi cha jeshi. Vipigeni picha, asili ibaki sandukuni, na nakala nyingine ikae kwa ndugu anayeishi mji tofauti.